Mrija Uliotundikwa Peke Yake

Kama umetoka hospitali leo na karatasi inayosema una virusi vya ini aina ya C, na chini yake daktari ameandika jambo kuhusu figo, kaa kwanza. Usikimbilie nyumbani. Mimi nilikimbilia nyumbani, na nyumbani ndiko nilikoumizwa zaidi.

Sitakueleza virusi ni nini. Waulize waliosomea. Nitakueleza yale ambayo hakuna aliyeniambia: jinsi viatu vinavyokataa miguu, jinsi benchi la hospitali linavyokula makalio, na jinsi watu waliokulea wanavyoweza kukuogopa kuliko nyoka.

Nilikuwa nikibeba mizigo kwa baiskeli mpakani Malaba. Treila zinapopanga foleni hadi nje ya mji, sisi wa baiskeli tunapita katikati yake na magunia ya vitunguu, maboksi ya sabuni, na mara nyingine mgonjwa wa mtu. Jioni mgongo unawaka. Kila kijana wa stendi yetu alikuwa na dawa za maumivu mfukoni, zile zinazouzwa kibandani pamoja na sigara. Tulizitafuna kama njugu. Hakuna aliyetuambia zinaenda wapi zikishapita kooni.

Mvua ndefu zilipoanza, nilianza kuamka na uso uliovimba kama wa mtu aliyelia, nami sikuwa nimelia. Mkojo ulitoa povu jingi, kama mtu amekamua sabuni ndani ya choo. Nililiona, nikanyamaza. Mimi si mtu wa kuongea. Stendi ndiyo ilianza kuongea kwa niaba yangu.

"Cheki Omaset amenona!"

"Anakula nini huyu na hatugawii?"

"Hiyo si kunona. Hiyo ni mimba. Omaset, baba ya mtoto ni dereva wa treila gani?"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha baiskeli. Nami nilicheka. Wiki iliyofuata kiatu cha kulia kiligoma kuingia, nikaendesha na sandali za Toto, mama yangu. Hapo hawakucheka tena. Walianza kusogea mbali nami. Kusogea huko kulinikera kuliko vicheko.

Zahanati ya Malaba walipima mkojo, wakatazamana, wakanituma Busia.

Busia nilikaa kwenye benchi la mbao ambalo katikati limelika kwa kukaliwa. Ukikaa pembeni unateleza hadi katikati, unamlalia jirani. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Matayos, muuza dagaa wa omena, mnene, mkono wake mmoja umefungwa bandeji nyeupe. Alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"We kijana, mbona unakaa kama mtu ameibiwa?"

Nilivuta miguu chini ya benchi.

"Figo?"

"Sijui, mama."

"Ni figo. Mimi nazijua kama najua samaki. Hiyo miguu ni ya figo." Alifungua mfuko wa plastiki, akanipa kipande cha kiazi kitamu. "Kula. Hakina chumvi. Kuanzia leo chumvi ni adui yako. Watu pia, lakini hao utawajua pole pole."

Yeye alikuwa anangoja mashine ya kuosha damu. Alikuwa akija mara kwa mara, na mlinzi wa mlangoni alimwita shangazi. Kiazi kile ndicho kitu cha kwanza kizuri kilichonipata mwaka ule, kwa hiyo nakiandika hapa.

Walichukua damu, tena na tena, nyingine wakasema itapelekwa mbali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa maneno machache na makali.

"Unakunywa pombe?"

"Ajono. Kidogo."

"Unameza dawa gani?"

Nikatoa zile za mfukoni. Alizichukua zote akazitupa kwenye pipa, na pakiti tupu nazo akazitupa.

"Umeshawahi kuongezwa damu? Kung'olewa jino sokoni? Kuchanjwa?"

Nikafungua vifungo vya shati. Chale ninazo kifuani tangu utotoni. Watoto wa boma letu tulipangwa foleni siku moja kwa sababu ya kikohozi, mganga akatuchanja kwa wembe mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Sikusema hayo yote. Nilisema tu, "Tulikuwa wengi." Aliandika bila kuinua macho.

Halafu akaweka kalamu chini. "Una hepataitisi C. Hiyo ina dawa, na dawa yake inaponya. Shida yako ni figo, zimeanza kuchoka. Nataka ufike kwenye dawa ukiwa bado nazo. Kwa hiyo dawa za maumivu, basi. Miti shamba, basi. Pombe, basi, leo na hata ukipona. Zikichoka kabisa utakuwa mtu wa mashine maisha yako yote. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema kwa sauti."

"Nimesikia, daktari."

Nilimchukia siku ile. Sasa nikiwaza wote walionisemesha mwaka ule, yeye peke yake ndiye aliyenikaripia kwa ajili yangu.

Lazima nieleze chungu, maana ndicho kilichotaka kuniua.

Sisi ni Wateso. Ajono ni pombe ya wimbi, yaani ulezi. Chungu huwekwa katikati, watu hukizunguka kwenye viti vifupi, na kila mtu huchovya mrija wake mrefu. Pombe ikipungua, maji ya moto huongezwa kutoka kwenye birika, mnaendelea kuvuta. Mrija ni wa mtu mwenyewe. Katika boma letu mirija yote hufungwa fungu moja na kuwekwa juu, chini ya paa la nyumba ya Toto, na wangu nilipewa nilipoanza kunyoa ndevu. Mrija wa mtu hutolewa kwenye fungu akifa.

Baba yangu alikufa zamani, na mwenye kauli ni kaka yake, Ekirapa. Namwita baba mkubwa. Nilimweleza ugonjwa wangu mbele ya Toto na mbele ya shemeji Akisa, mke wa kaka yangu. Nilieleza vibaya, kwa sauti ndogo, nikitazama kuku. Nilisema uko kwenye damu.

"Kwenye damu," baba mkubwa alirudia. "Basi tunajua ulikoutoa. Kwa wanawake wa treila."

"Hapana, baba mkubwa. Daktari anasema labda wembe."

"Wembe! Wote tulichanjwa. Mimi nimevimba?"

Nilimwambia hauambukizwi kwa sahani wala mrija. Hakungoja nimalize. Aliingia kwa Toto, akashusha fungu, akauchomoa mrija wangu, akaenda kuutundika kwenye msumari wa zizi la mbuzi. Kila mtu alijua maana ya kuuchomoa. Toto aliendelea kuchambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Kesho yake sahani yangu na kikombe changu vilikuwa na alama nyekundu. Rangi ya kucha ya Akisa.

"Usinitazame hivyo, shem," alisema. "Si mimi nimetaka."

Nilikula kwenye sahani hiyo kwa mwaka mzima. Hadi leo nikiona mwanamke amepaka kucha nyekundu, chakula hakishuki.

Majibu ya damu iliyopelekwa mbali hayakuja upesi. Nilikwenda Busia nikaambiwa bado. Nikaenda tena, bado. Mama wa Matayos alinisogezea nafasi benchini kila tulipokutana, na kila mara alikuwa mwembamba zaidi, kwa hiyo hatukutelezeana tena.

"Wamekurudishia mrija?" Ndiye mtu pekee niliyemwambia.

"Bado."

"Kwani huo mrija unataka ufanyie nini, na pombe umekatazwa?"

Sikutaka pombe. Nilitaka mrija uwe juu na ya wengine.

Wimbi lilipovunwa, baba mkubwa alivuka mpaka akarudi na dumu la njano lililojaa kitu cheusi. Akaliweka mlangoni kwangu. Akasema ni dawa ya ini ya mganga mkubwa, imemponya hata mke wa chifu.

"Daktari amekataza miti shamba," nilisema.

"Daktari amekupa nini tangu mvua? Amekupa bado. Mimi nimekuletea dawa. Unywe, umalize dumu, na mrija wako nitaurudisha kwa mkono wangu."

Toto alikuja jioni, akaketi kwenye kizingiti. "Kunywa, mwanangu. Sokoni wananiuliza. Hata wateja wa mboga wanaulizia mikono yangu." Alikuwa analia, na hajui kulia, analia kama mtu anayekohoa.

Nikanywa. Ilikuwa chungu kuliko mwarobaini, ikashika meno. Nilikunywa asubuhi na jioni. Kabla dumu halijafika nusu, nilianza kutapika kila kitu, hata maji. Halafu mkojo ukakoma. Nitarudia ili uelewe: ukakoma. Unasimama chooni, unangoja, na hakuna kinachokuja, na tumbo linakua. Ngozi ya mguu niliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki, kama umebonyeza ugali.

Toto alinipakia kwenye baiskeli yangu mwenyewe. Akisa alishika usukani, Toto akanishikilia nyuma, wakanisukuma hadi barabarani. Baba mkubwa alisimama penye zizi akitazama.

"Hakumaliza dumu," aliwaambia majirani. "Ndiyo maana."

Walinilaza Busia. Daktari alikuja, akasoma kipimo, akanitazama.

"Nilikuambia nini?"

"Miti shamba, basi."

"Basi ya nini hiyo sasa?"

Toto akajitokeza, akamwambia, "Daktari, mpige yule mzee, usimpige huyu." Daktari akageuka dirishani kwa muda kidogo. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. Akatueleza kuwa wananiandalia mashine, ila wanazipa figo muda mdogo zijaribu zenyewe.

Walinitia mpira wa mkojo na mfuko ukaning'inia kitandani. Siku ya kwanza mfuko ulikuwa mkavu. Kupitia mlangoni niliona chumba cha mashine, na mama wa Matayos amelala pale, damu yake inazunguka kwenye mirija miembamba, nyekundu, inatoka na kurudi. Aliniona. Aliinua mkono usio na sindano, akautikisa kama mtu anayefukuza kuku. Nilielewa. Alikuwa ananiambia nisije huko.

Mkojo ulirudi asubuhi. Matone, kahawia kama chai ya rangi. Sista wa wodi aliinama, akatazama mfuko, akapiga makofi.

"Amekojoa! Omaset amekojoa! Haya, wanaume, mpigieni makofi!"

Wodi nzima ikapiga makofi. Mzee mmoja aliyevunjika mguu akapiga mluzi. Sijawahi kushangiliwa kwa lolote maishani, hata shuleni, na nilipokuja kushangiliwa ikawa ni kwa hilo. Nilijifunika shuka usoni. Chini ya shuka nilikuwa nacheka.

Niliporuhusiwa kutoka, dumu halikuwepo. Toto alikuwa amelimwaga chooni, dumu lenyewe akalitoboa kwa panga ili mtu asilitumie tena. Baba mkubwa alikuja kulidai.

"Liko chooni," Toto akamwambia. "Lifuate."

Toka siku hiyo hawakusalimiana, na lawama ikawa juu yangu, kwamba nimevunja boma. Vijana wa stendi walikuwa wamempa mtu mwingine nafasi yangu. Na Akisa alikuwa na mimba, kwa hiyo nilikatazwa hata kupita upande wa kivuli chake.

Mvua fupi zilipoanza, majibu yakaja, na vidonge vikaja. Kidonge kimoja kila siku, wakati uleule. Nilikuwa nakimeza Toto anapowasha moto wa chai. Hakikunitesa sana. Kichwa kiliuma, usingizi ulipotea, na nilikasirika ovyo. Labda hasira haikuwa ya kidonge. Miguu ilianza kupungua. Siku kiatu cha kulia kilipoingia, nilikifunga kamba, nikakifungua, nikakifunga tena.

Nilipokwenda kuchukua vidonge vya mwisho, benchi lilikuwa na watu wengine. Nilimuulizia shangazi wa Matayos. Mlinzi alitazama lango. Akasema, "Kaa, boss, foleni ni ndefu." Nilikaa katikati, pale palipolika. Nilikuwa nimemletea kiazi kitamu kisicho na chumvi. Sikukila, na sikukitupa.

Ukimaliza vidonge hujamaliza. Unangoja tena, msimu mzima wa jua, ndipo wanapima kama virusi vimerudi. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza upya daktari aliponiita.

"Virusi hatuvioni," alisema. "Umepona hiyo."

"Na figo?"

"Zimeacha kuharibika. Hazitakuwa kama za mwanzo, lakini ukizitunza mashine hutaihitaji. Ukirudia ujinga, tutaonana kule." Alielekeza kalamu kwenye kile chumba. "Pombe?"

"Basi," nilisema kwa sauti, kabla hajaniambia.

Mwezi huohuo Akisa alijifungua mtoto wa kiume. Kwetu bibi ndiye humpa mtoto jina: huchovya kidole kwenye ajono, humtia mtoto mdomoni, na kutaja majina. Jina ambalo mtoto atanyonya kidole likitajwa, ndilo lake. Kwa hiyo chungu kilipikwa, majirani wakaja, na baba mkubwa akaja, maana bila yeye haiwezekani. Mimi nilikaa kwenye gogo karibu na jiko, nikitunza birika la maji ya kuongezea chungu.

Walipokwisha kukaa, baba mkubwa akaenda zizini. Akarudi na mrija wangu.

"Omaset. Njoo hapa."

Nikaenda.

"Wanasema umepona. Umeleta karatasi. Sisi karatasi hatujui, sisi tunajua chungu. Mtu aliyepona hunywa na watu wake." Akaunyoosha mrija mbele yangu, watu wote wakiona. "Nilisema nitaurudisha kwa mkono wangu. Mkono ni huu. Chovya, unywe, yaishe."

Nilitazama mrija. Nilikuwa nimeungoja tangu mvua za mwaka uliopita.

"Daktari amenikataza pombe, baba mkubwa. Ni figo."

"Basi hujapona."

"Nimepona."

"Aliyepona anakataa nini? Unatuficha. Au unatuona sisi ndio wagonjwa?"

"Kunywa, kijana," jirani mmoja akasema kwa upole. "Vuta moja tu. Ajono si sumu, ni uji uliochangamka."

Watu walicheka kidogo. Moja tu. Ningevuta moja, ningekuwa mtu wao. Toto, aliyekuwa amempakata mtoto, alinitazama, akautikisa mkono wake wa kulia kidogo gotini. Nilikumbuka mkono mwingine, ule uliofukuza kuku kutoka kitandani kwa mashine.

Niliupokea mrija kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Ulikuwa na utando wa buibui. Nikaupuliza, sisimizi wakatoka upande wa pili, mtoto mmoja akapiga kelele kwa furaha. Nikarudi penye jiko, nikabeba birika, nikaja nalo hadi kwenye chungu. Nikavuta kiti kifupi, nikakaa katikati ya wanaume. Nikafungua kifuniko cha birika, nikachovya mrija kwenye maji, nikavuta.

Maji yalikuwa ya moto sana. Yaliniunguza ulimi. Nikameza.

"Nimekunywa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga.

Yule jirani akapiga paja. "Jamani! Huyu amekunywa maji, mama yake ajono!" Kicheko kikazunguka chungu chote, na mtu akasema, "Mwacheni, yake haitaisha haraka."

Baba mkubwa hakucheka. Alichomoa mrija wake kwenye chungu, ukidondosha, akausimamisha kama mkuki.

"Umenitukana mbele ya watu."

"Sijakutukana, baba mkubwa."

"Kuanzia leo usinisalimie." Akaondoka, hakuzunguka hata tope.

Toto hakumtazama. Alichovya kidole, akamtia mtoto mdomoni, akaanza na majina ya waliokufa. Mtoto alilia. La baba yangu akalitema kabisa. Toto akaingia kwenye majina ya walio hai, mtoto akazidi kulia, hadi akasema kwa kuchoka, "Ekirapa?" Mtoto akafunga mdomo, akanyonya kidole kama aliyeshinda na njaa.

Hata Akisa alicheka mpaka machozi. Mtu akatumwa mbio kumwita mwenye jina. Alirudi peke yake.

Toto alipofunga mirija, aliuweka wangu kwenye fungu. Baba mkubwa ameweka wake nyumbani kwake, na hajaurudisha.

Kwa hiyo nina Ekirapa wawili. Mmoja ananikojolea mapajani, maana Akisa sasa ananiachia nimbebe, na sahani yangu ameisugua kwa majivu hadi rangi ikatoka. Mwingine nakutana naye njiani nikielekea Malaba, ananipita huku akitazama mahindi, nami nimemtii, simsalimii. Wewe unayesoma, wako watapatana nawe au hawatapatana. Usiwalipe kwa figo.

Akishapita naegesha baiskeli, naingia nyuma ya kichaka, nakojoa, na ninatazama chini. Povu hakuna.